Milinganyo miwili, majibu mawili: jinsi ya kumsaidia mtoto wa darasa la 9 hapa Ngagara

Makala hii ni kwa wazazi, kwa kaka na dada wakubwa, na kwa kila mtu anayekaa jioni na mtoto mwenye daftari la hisabati mkononi. Si lazima uwe umesoma sana. Ukiweza kuhesabu chenji sokoni bila kudanganywa, unaweza kumsaidia mtoto katika somo hili.

Somo lenyewe Waburundi na Wakongo hulisikia darasani kwa Kifaransa, «système d'équations». Katika vitabu vya Kiswahili vya hisabati huitwa milinganyo sanjari. Maana yake ni ndogo kuliko jina lake: kuna vitu viwili ambavyo hatujui thamani yake, na kuna habari mbili juu ya vitu hivyo. Tukiziunganisha habari hizo mbili, tunapata thamani zote mbili.

Kwa nini tunaliandika sasa

Watoto wengi wa wakimbizi wanaoishi mjini Bujumbura husoma pamoja na wenyeji katika shule za Burundi. Kule Kongo mtoto humaliza shule ya msingi katika darasa la 6, kisha anaingia sekondari. Hapa, tangu mageuzi ya mwaka 2013, shule ya msingi, yaani ECOFO, inaendelea hadi darasa la 9, na mwisho wake kuna mtihani wa taifa. Mtihani huo ndio unaosaidia kuamua kama mtoto ataendelea na masomo, na ataendelea na masomo gani.

Mtoto aliyevuka mpaka mwanzoni mwa mwaka 2025, au baadaye, mara nyingi amekosa miezi mingi ya shule. Akiingia darasani anakuta wenzake wameshafika kwenye x na y. Mwalimu ana wanafunzi wengi na hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Ndipo mtoto anapoanza kusema, «Mimi hisabati siiwezi.» Maneno hayo ni hatari kuliko alama mbaya, kwa sababu alama hupanda na kushuka, lakini mtoto akishajiamini kuwa hawezi, haendi tena hata ubaoni.

Kosa langu mwenyewe

Nilikuwa nafundisha kabla ya kukimbia. Hapa Ngagara jioni huwa nakusanya watoto wachache uani, tunaandika kwa chaki kwenye mlango wa mbao. Siku moja niliwapa swali hili. Bei ni za mfano tu, usije ukagombana na muuzaji.

Meza ya kwanza wamekula mandazi 2 na vikombe 3 vya chai, wamelipa faranga 2,900. Meza ya pili wamekula mandazi 3 na vikombe 2 vya chai, wamelipa faranga 2,600. Andazi moja ni bei gani, na kikombe kimoja cha chai ni bei gani?

Binti mmoja, ambaye asubuhi humsaidia mama yake kuuza mandazi, alijibu kabla sijamaliza kuandika: «Andazi 400, chai 700, mwalimu.» Nikamuuliza x iko wapi. Akasema hana x. Nikamwambia hilo si jibu, kwa sababu hakufuata kanuni. Wenzake wakacheka. Wiki mbili hakuonekana.

Mama yake ndiye aliyenieleza alivyofikiri, kwa sababu binti alimweleza yeye. Alizikusanya meza zote mbili: mandazi 5 na chai 5, jumla faranga 5,500. Kwa hiyo andazi moja pamoja na chai moja ni 1,100. Mandazi 2 na chai 2 basi ni 2,200. Lakini meza ya kwanza ililipa 2,900, na wana kikombe kimoja zaidi. Kikombe hicho ni 700. Andazi ni 1,100 kutoa 700, yaani 400.

Hilo ni jibu sahihi, na njia yake ni fupi kuliko ile niliyokuwa nimeiandaa mimi. Binti huyu alikuwa ametatua milinganyo sanjari kichwani. Alichokosa ni namna ya kuiandika tu, na kazi ya kumwonyesha namna hiyo ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo nilibadilisha mpangilio wa kufundisha. Mpangilio huo ndio ninaoueleza hapa chini.

Hatua ya 1: anza na soko, herufi baadaye

Anza na swali ambalo tofauti inajionyesha yenyewe. Mfano: mandazi 3 na chai 2 ni faranga 2,600. Mandazi 3 na chai 4 ni faranga 4,000.

Usimwambie mtoto afanye nini. Muulize tu: «Hawa wa pili wamelipa zaidi. Kwa nini?» Ataona kwamba mandazi ni sawa, ila chai zimezidi 2. Pesa zimezidi 1,400. Basi chai 2 ni 1,400, na chai 1 ni 700. Chai 2 zikiondolewa kwenye 2,600 zinabaki 1,200 kwa mandazi 3, yaani 400 kila moja.

Sasa ndipo mwandike pamoja:

3m + 2c = 2,600
3m + 4c = 4,000

Hapa kuna jambo moja la kushika sana. Herufi m si andazi. Herufi m ni bei ya andazi moja, nayo c ni bei ya kikombe kimoja. Mtoto anayesoma «3m» kama «mandazi matatu» atapotea siku atakapokutana na swali la umri au la mwendo, ambako hakuna kitu cha kushika mkononi. Kila mara muulize: «m ni nini?» Akijibu «mandazi», mrudishe: «Ni bei ya andazi moja, kwa faranga.» Na sentensi hiyo aiandike juu ya karatasi kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: kuondoa kitu kimoja

Rudi sasa kwenye swali la meza mbili. Hapa mandazi hayalingani, na chai hazilingani:

2m + 3c = 2,900
3m + 2c = 2,600

Mwambie mtoto afikiri hivi: je, kama watu wa meza ya kwanza wangeagiza vile vile mara 3? Wangekula mandazi 6 na chai 9, wangelipa 8,700. Na meza ya pili wakiagiza vile vile mara 2? Mandazi 6 na chai 4, faranga 5,200. Sasa mandazi yamelingana:

6m + 9c = 8,700
6m + 4c = 5,200

Tukitoa mlinganyo wa pili kutoka ule wa kwanza, m zinaondoka: 5c = 3,500, kwa hiyo c = 700. Weka 700 katika mlinganyo mmoja wa mwanzo: 2m + 2,100 = 2,900, basi 2m = 800 na m = 400.

Tazama mizani ya pale soko la COTEBU, ambako wafanyabiashara wengi walihamia baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua tarehe 27 Januari 2013. Ukiongeza kitu upande mmoja wa mizani, lazima uongeze sawa upande wa pili, la sivyo inainama. Alama ya = ni ule mkono wa mizani. Mtoto akizidisha 2m + 3c mara 3 akaisahau 2,900, mizani imeinama na kila kinachofuata ni kosa.

Hatua ya 3: kuweka kimoja badala ya kingine

Njia ya pili, ambayo mwalimu ataiita «substitution», inafaa pale mlinganyo mmoja unapokuwa mwepesi. Chukua mfano wa barabarani. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuktuk zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, kwa hiyo watoto wa huku pembeni wamezoea kuziona zimejipanga zikisubiri abiria.

Mtoto amehesabu vyombo 14, baiskeli na tuktuk tu. Magurudumu yote ni 34. Baiskeli ina magurudumu 2, tuktuk ina 3. Kuna ngapi za kila aina?

Kwanza kwa kichwa. Kama vyote 14 vingekuwa baiskeli, magurudumu yangekuwa 28. Lakini ni 34. Yamezidi 6. Kila tuktuk inaleta gurudumu moja la ziada, kwa hiyo tuktuk ni 6, na baiskeli ni 8.

Sasa kwa herufi. Tuseme b ni idadi ya baiskeli na t ni idadi ya tuktuk:

b + t = 14
2b + 3t = 34

Mlinganyo wa kwanza unatuambia b = 14 − t. Basi kila tunapoona b katika mlinganyo wa pili, tunaweka 14 − t:

2(14 − t) + 3t = 34
28 − 2t + 3t = 34
28 + t = 34
t = 6

Na b = 14 − 6 = 8. Mwonyeshe mtoto kwamba 28 ile ile aliyoipata kichwani imetokea tena kwenye karatasi. Akiiona, ataelewa kwamba herufi zinaandika tu mawazo aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Swali la namna hii ni la zamani sana. Kitabu cha hesabu cha Wachina kiitwacho Sunzi Suanjing, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, kinauliza juu ya ndege na sungura waliofungiwa pamoja: vichwa 35 na miguu 94. Mpe mtoto wako alitatue. Sungura ni 12 na ndege ni 23. Na neno aljebra lenyewe limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililokuwa katika jina la kitabu ambacho al-Khwarizmi alikiandika Baghdad karne ya 9. Hisabati imepita mikononi mwa watu wengi na imevuka mipaka mingi kabla ya kufika kwetu.

Hatua ya 4: kuchora mistari miwili

Sisi wakimbizi tunajua fotokopi. Kila ofisi inataka nakala. Tuseme duka la kwanza linatoza faranga 200 kwa kila karatasi. Duka la pili linatoza faranga 1,000 za kuanzia, halafu 100 kwa kila karatasi. Uende wapi?

Andika x kwa idadi ya karatasi na y kwa pesa utakazolipa:

y = 200x
y = 1,000 + 100x

Mwambie mtoto atengeneze jedwali. Kwa karatasi 5: duka la kwanza 1,000, la pili 1,500. Kwa karatasi 10: la kwanza 2,000, la pili 2,000. Kwa karatasi 15: la kwanza 3,000, la pili 2,500. Akiweka nukta hizo kwenye karatasi ya miraba na kuziunganisha kwa rula, anapata mistari miwili inayokatana mahali pamoja, pale x = 10 na y = 2,000. Mahali hapo ndipo jibu lilipo. Chini ya karatasi 10 nenda duka la kwanza, juu ya 10 nenda la pili.

Mchoro unaeleza pia mambo mawili ambayo mitihani hupenda kuuliza.

Kama duka la pili lingetoza 1,000 za kuanzia na 200 kwa kila karatasi, mistari ingekwenda sambamba bila kukutana. Mfumo huo hauna jibu.

Kama mtu mmoja anakuambia andazi moja na chai moja ni 1,100, na mwingine anakuambia mandazi mawili na chai mbili ni 2,200, huyu wa pili hajakuambia kitu kipya. Mistari imelaliana, na majibu yanayowezekana hayana mwisho. Habari mbili zinatusaidia tu pale zinapokuwa mbili kweli.

Makosa matano yanayorudi kila jioni

1. Kusahau kuzidisha kila kitu ndani ya mabano. Mtoto anaandika 2(14 − t) = 28 − t. Akiendelea hivyo anapata t = 3 na b = 11. Akihakiki: 22 + 9 = 31, si 34. Kosa limejitaja lenyewe.

2. Kuzidisha upande mmoja tu wa mlinganyo. Mkumbushe mizani.

3. Alama ya kutoa. Kutoa −2 ni sawa na kuongeza 2. Anayekosea hapa mara kwa mara, mfundishe azidishe mlinganyo mzima kwa −1, kisha ajumlishe badala ya kutoa.

4. Kuishia katikati. Amepata c = 700, anafurahi, anafunga daftari. Tulitafuta vitu viwili, jibu liwe na vitu viwili.

5. Kuhakiki katika mlinganyo mmoja tu. Jibu la kweli lazima likubaliane na milinganyo yote miwili. Mwenye m = 100 na c = 900 atasema mbona 2m + 3c ni 2,900? Ndiyo, lakini 3m + 2c ni 2,100, si 2,600.

Maneno ya darasani na maneno ya nyumbani

Katika darasa la 7 hadi la 9 mtoto anasikia somo hili kwa Kifaransa, na mtihani ataufanya kwa Kifaransa. Hiyo haina maana kwamba nyumbani usitumie Kiswahili. Mwache afikiri kwa lugha inayomjia, akishaelewa ndipo muweke maneno ya darasani juu yake. Maneno matano yanatosha kuanzia: «équation» ni mlinganyo, «inconnue» ni kisichojulikana, «remplacer» ni kuweka badala, «résoudre» ni kutatua, na «vérifier» ni kuhakiki. Ayaandike ukurasa wa mwisho wa daftari.

Na mwisho wa kila swali aandike sentensi nzima ya jibu, kwa Kifaransa, hata kama ni fupi. Wako watoto wanaopata namba sahihi na kupoteza alama kwa sababu hawakusema namba hiyo ni ya nini.

Mpango wa wiki moja

Nusu saa kila jioni inatosha. Siku mbili za kwanza, maswali ya soko bila herufi hata moja. Siku ya tatu, maswali yale yale kwa herufi. Siku ya nne, kuondoa. Siku ya tano, kuweka badala. Siku ya sita, mchoro mmoja tu, lakini uliochorwa vizuri kwa rula. Siku ya saba mtoto atunge swali lake mwenyewe na akuulize wewe. Anayeweza kutunga swali lenye jibu safi ameelewa somo.

Wazazi, jambo jingine nje ya hisabati: tunzeni karatasi za shule mlizotoka nazo Kongo, hata zilizochakaa. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kinawapa watoto wa wakimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na wenyeji. Karatasi ya zamani inaweza kumsaidia mkuu wa shule kumweka mtoto darasa linalomfaa.

Binti yule alirudi. Nilikwenda mwenyewe kwa mama yake, nikaomba radhi mbele ya mtoto. Siku hizi jioni huwa nampa chaki kwanza, aeleze alivyofikiri, kisha tunatafuta pamoja namna ya kuiandika. Wenzake wanamsikiliza.

Mazoezi

a) Kilo 2 za mchele na kilo 1 ya maharagwe ni faranga 11,500. Kilo 1 ya mchele na kilo 1 ya maharagwe ni faranga 7,500. Tafuta bei ya kila kilo.

b) Umri wa mama na wa binti yake ukijumlishwa ni miaka 52. Mama amemzidi binti miaka 24. Kila mmoja ana miaka mingapi?

c) Una noti 20, za faranga 500 na za faranga 1,000. Jumla ni faranga 14,500. Noti za kila aina ni ngapi?

d) 3x + 2y = 12 na 6x + 4y = 20. Tafuta x na y.

Majibu

a) Mchele 4,000, maharagwe 3,500. b) Mama 38, binti 14. c) Noti za 500 ni 11, za 1,000 ni 9. d) Hakuna jibu: mara mbili ya mlinganyo wa kwanza ni 6x + 4y = 24, na kitu kimoja hakiwezi kuwa 24 na 20 kwa wakati mmoja.